Nabii wa Kitochi (6)

Waliokuwa nami wiki iliyopita waliniacha jikoni peke yangu, sufuria ya kabichi imeungua, mke ameondoka. Waliochelewa nitawapa kwa ufupi.

Mimi ni Orest Bilak, mtunza barafu wa ukumbi wa michezo katika mji mdogo wa Halvern, huku Manitoba. Agosti iliyopita nilimsindikiza binti yangu kanisani siku ya harusi yake, mkono mmoja umemshika bibi harusi, mwingine umeshika simu janja nikitazama matokeo ya mechi. Nikaubamiza uso kwenye mlango wa kioo mbele ya wageni mia mbili. Video ilifika hadi kwa binamu zangu wa Alberta.

Oktoba nikatubu. Nilisimama darajani, umati unatazama, nikaitupa simu ile mtoni. Nikanunua kitochi: cha kukunja, cha vitufe vikubwa, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee. Mji ukanipigia makofi. Nikaalikwa maktaba, nikaalikwa kanisani, nikahubiri. Nikamwambia kila mtu kwamba chaji inakaa siku tisa. Nikawaeleza jinsi mashine ya kulainisha barafu ilivyokikanyaga, tani nne zile, nami nikakibandua kwenye barafu kikaita.

Hayo yote niliwasimulia, nanyi mkaniandikia barua za pongezi.

Sasa nisikilizeni. Wiki tano hizi nimewadanganya hata ninyi.

Sikuitupa ile simu.

Nilichokitupa mtoni kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, nimekivalisha kava la simu. Simu yenyewe nilikuwa nayo mfukoni wakati napigiwa makofi. Laini ndiyo niliyoihamishia kwenye kitochi. Ile simu ikabaki bila laini na bila mtandao, nami nikawa naificha katika chumba cha mashine ya barafu, nikiingia humo kila siku baada ya chakula cha mchana kucheza mchezo wa kupanga matunda. Ndizi tatu zikikutana zinapasuka. Nilikuwa nimefika ngazi ya mia sita na kumi na mbili.

Mtu wa miaka hamsini na tisa.

Na mke wangu Verna aliondoka kwa sababu ya kitochi. Hilo mnalijua. Kitochi cha wazee kina tabia ya kusoma meseji kwa sauti, na mimi, mhubiri wake, sikujua pa kuizima. Verna alinitumia meseji asubuhi. Ikachelewa njiani, ikaingia mchana, wakati nimesimama katika ukumbi wa kanisa katikati ya akina mama ishirini wanaokunja pirogi, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na Verna mwenyewe yuko hatua tatu tu, mikono imejaa unga.

"UJUMBE KUTOKA KWA VERNA," kitochi kikanguruma kama mtangazaji wa stesheni. "OREST, PITA DUKA LA DAWA UNICHUKULIE DAWA YA BAWASIRI. ILE KUBWA. ILE NDOGO HAIKUSAIDIA."

Alinawa mikono, akavaa koti, akahamia kwa dada yake Eunice, ng'ambo ya reli. Akaniachia baba yake, mzee Metro, miaka themanini na mitatu, ambaye alikataa kuhama kwa sababu kiti chake cha kuegemea hakikuingia kwenye gari la Eunice.

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa Jumatatu.

Klabu ya wazee wa Dunmoor, kilomita arobaini kutoka kwetu, ilinialika niwazungumzie faida za simu ya kawaida. Mzee Metro akasema anakuja.

"Baba, upepo ni mkali. Na moyo wako ule."

"Kutakuwa na chakula?"

"Kutakuwa na pirogi."

"Basi moyo wangu ni mzima."

Tukaondoka saa tatu asubuhi. Kabla ya kutoka, nikaichomoa ile simu mafichoni, nikaitia ndani ya soksi ya mguu wa kulia, soksi nene ya sufu. Nilipanga kwamba nikimaliza kuwakataza wale wazee simu janja, niingie chooni nicheze kidogo.

Katibu wa klabu alikuwa amenielekeza njia kwa mdomo. Ukiliona ghala jekundu la nafaka, hesabu barabara tatu, kata kushoto. Nilimsifu sana. Nikamwambia hivyo ndivyo wazee wetu walivyosafiri, bila kuamrishwa na simu.

Tuliendesha dakika arobaini. Ghala halikuonekana.

"Mkwe," mzee Metro akasema, "unatafuta lile ghala jekundu?"

"Ndiyo, baba."

"Walilibomoa miaka miwili iliyopita."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unahubiri. Nikaona nisikukatize."

Upepo ukageuka. Theluji ya mashambani ikanyanyuka yote kwa pamoja, mbele kukawa kweupe, nyuma kweupe, barabara ikapotea chini ya magurudumu. Nikahisi gari linainama upande wa kulia polepole, kama ng'ombe anayelala. Tukawa mtaroni.

Bomba la moshi lilikuwa limezikwa kwenye theluji. Nikazima injini tusije tukafa kwa moshi. Baridi ikaingia bila kubisha hodi.

Na mimi, wasomaji wangu, nikafurahi. Nilifurahi! Niliona sura nzima ya mahubiri mapya inajiandika. Nikakichomoa kitochi, nikamwonyesha mzee.

"Unaona, baba? Siku ya sita bila chaji. Vijiti vya chaji vinne kati ya vinne. Simu janja ingekuwa imeshakufa kwa baridi hii."

"Piga basi."

Nikapiga namba ya dharura. Dada mmoja akapokea, sauti tulivu.

"Mko wapi?"

"Tumeingia mtaroni. Kwenye theluji."

"Baba, Manitoba nzima iko kwenye theluji. Mtaro wa barabara gani?"

"Kati ya Halvern na Dunmoor. Tumekata kona. Nadhani mbili. Huenda tatu."

"Kuna alama yoyote unayoiona? Nyumba? Nguzo yenye namba?"

"Naona pua ya gari langu. Sasa siioni tena."

"Simu yako haiwezi kunitumia mahali ulipo?"

"Dada yangu, hii ni simu ya kawaida," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

"Sawa. Mnara mmoja tu ndio unaokushika. Eneo lake ni kilomita ishirini kila upande. Gari la kusafisha theluji haliwezi kuzunguka kote huko bila kujua linakokwenda. Uko peke yako?"

Nikageuka kumtazama mzee.

Mzee Metro alikuwa ameweka kiganja kifuani, ndani ya koti. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikuwa anapumua kwa vipande vidogovidogo.

"Baba? Dawa yako iko wapi? Ile ya kupulizia chini ya ulimi."

"Nimepuliza," akasema. "Imekwisha."

Nikamwambia dada wa simu. Sauti yake ikabadilika.

"Sikiliza. Nahitaji kujua mlipo. Sasa hivi. Kuna kifaa kingine chochote ndani ya gari? Simu nyingine yoyote? Hata isiyo na laini. Nyingi bado zinaweza kuonyesha mahali."

Nasema haya kwa sababu niliahidi kuungama, si kwa sababu yananipendeza. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa limegusa kifundo cha mguu wangu, tena lina joto.

Nikasema, "Ngoja niangalie."

Nikafungua sanduku la dashibodi. Nikapekua makaratasi. Nikaangalia chini ya kiti. Nikaangalia nyuma ya kiti, mahali ambapo nilijua kuna ndoo, koleo na blanketi tu. Kichwani nilikuwa naona ukumbi wa maktaba, wale wazee waliosimama kunipigia makofi, mchungaji aliyenitaja madhabahuni. Nikawa natafuta njia ya kuipata simu ile kwa bahati. Labda niseme imesahauliwa na binti yangu. Labda niidondoshe chini kwanza, kisha niiokote.

Saa ya gari ilikuwa mbele yangu. Nilitafuta kwa dakika nne.

Dakika nne, na yule mzee anahesabu pumzi.

Ndipo mguu wangu ulipoimba.

Ulikuwa muziki wa sherehe, filimbi na kengele, halafu sauti ya mtoto wa katuni, ya furaha isiyo na kifani: "Maisha yako matano yamerudi! Rudi ucheze!"

"Bwana?" dada wa simu akauliza. "Hiyo ni nini?"

Mzee Metro akafungua jicho moja.

"Mkwe," akasema, "soksi yako inakuita."

Nikavua kiatu. Nikaitoa. Mwanga wake ukajaa ndani ya gari, ndizi na matofaa yanacheza kiooni. Chaji ilikuwa asilimia kumi na moja. Ilipopigwa na baridi ikawa tisa. Nilipoufikia ukurasa wa dira, wenye namba za mahali ulipo, ikawa nne.

"Nina namba," nikamwambia yule dada.

"Soma polepole."

"Hamsini na moja, nukta, moja, saba, sita, mbili."

"Nimepata. Ya pili."

"Mia moja, nukta, mbili, nne, tano..."

Kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza. Nikaipumulia, nikaitia kwapani. Imekufa.

"Ya mwisho! Mia moja nukta mbili nne tano na ngapi?"

Sikuiona. Nilikuwa natazama ile alama ya chaji.

"Nane," akasema mzee Metro, macho amefumba. "Ilikuwa nane. Miwani yangu ni ya mwezi jana."

"Mwambie babu nampenda," dada akasema. "Kaeni karibu mpate joto. Usikate simu."

Nikamfungulia mzee vifungo vya koti, nikajibana naye ndani ya blanketi moja, kitochi kifuani mwetu, kijiti chake kimoja cha mtandao kimesimama pale pale hakitingishiki. Dada alikuwa akituuliza kila baada ya muda kama tupo, nasi tukimjibu. Siwezi kukinyima kitochi haki yake. Dakika thelathini na tano hakikutetereka.

"Kwa hiyo mtoni ulitupa nini?" mzee akaniuliza.

"Sabuni, baba."

Akacheka, akakohoa, nikamwambia aache kucheka.

"Ndiyo maana," akasema. "Asubuhi yake nilipita darajani. Nikaona mto una povu. Nikadhani ni serikali."

"Baba, tafadhali. Verna..."

"Mimi sisemi kitu. Mdomo unao mwenyewe. Tena unaufungua kwa watu wengi sana."

Gari la kusafisha theluji lilifika kwanza, taa za buluu, na gari la wagonjwa nyuma yake. Walipombeba mzee kwenye machela, alikuwa ameing'ang'ania ile simu janja mkononi, sijui aliichukua saa ngapi. Wala sikuthubutu kumpokonya.

Hospitali ya Halvern, saa saba mchana. Mzee amelazwa, bomba puani, amelala usingizi. Daktari akanivuta pembeni.

"Mshipa mmoja uliziba. Tumeuwahi. Robo saa nyingine ningekuwa nazungumza na wewe mambo mengine."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikatoa dakika nne kwenye robo saa. Nikatoa tena. Sikupenda jibu.

Verna akaingia mbio. Nilikuwa nimempigia kutoka kwenye gari la wagonjwa. Ni mmoja wa watu sita walioingia kwenye kumbukumbu ya kitochi. Alikuwa amevaa viatu vya safari, koti zuri, na nyuma yake anaburuta sanduku. Sikuliuliza lile sanduku. Nilidhani ni nguo za baba yake.

Alimbusu mzee kwenye paji la uso. Kisha akanijia, akanikumbatia. Wiki tano sikuwa nimeisikia harufu ya nywele zake.

"Wamenieleza pale mapokezi," akasema begani mwangu. "Kwamba simu yako haikuzimika. Orest, nimekitukana sana hicho kitochi. Nimekitukana mbele ya watu. Kumbe ndicho kilichomwokoa baba."

Hapo, wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji kusema sentensi moja tu.

Nikasema, "Chaji yake inakaa siku tisa."

Ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Akanikumbatia zaidi. Na ningali nimeshikwa hivyo, muuguzi akaingia na sahani ya plastiki.

"Bwana Bilak, simu ya mzee hii hapa. Alikuwa ameishika, tukaitia kwenye chaji. Imewaka vizuri tu. Inaonekana mtandao wetu inaujua."

Bila shaka iliujua. Mwaka juzi nililala hapo siku tatu kwa mawe ya figo, nikicheza matunda.

Simu ikalia ting. Ikalia tena ting, halafu ting, ting, ting, ting, kama mvua ya mawe kwenye paa la bati. Muuguzi akaitazama, akaiweka mezani taratibu, akakumbuka kazi mahali pengine.

Nikangoja Verna apige kelele. Nikayaandaa mashavu.

Hakupiga kelele. Aliiangalia ile simu kama mtu anayeangalia jirani aliyezoea kumwona kila siku.

"Kwa hiyo unatembea nayo," akasema.

"Ulijua?"

"Orest. Viatu vyako vya harusi vina miaka thelathini na mmoja, vina tundu, bado viko chini ya kitanda. Wewe utatupa simu? Na sabuni naipanga mimi. Vilikuwa vipande vinne, vikawa vitatu, na wewe hujafua nguo tangu tuoane."

"Verna, nilitaka..."

"Nyamaza kidogo. Kile kitochi chako kinapiga mbiu. Ningekuandikia nini mle, mji mzima usikie? Kwa hiyo nilikuandikia humu, kwa njia ya intaneti. Kila siku. Nilijua unaingia chumba cha mashine saa sita na nusu. Nilijua unayo mkononi. Nilikuandikia meseji arobaini na moja, siku nyingine mbili mbili. Hukunijibu hata moja."

"Haikuwa na mtandao," nikasema. "Verna, naapa. Nilikuwa nacheza tu. Matunda."

"Matunda."

"Ngazi ya mia sita na kumi na mbili."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Wiki tano alikuwa anadhani nasoma na kunyamaza, na huo ulikuwa ukatili angalau wenye heshima yake. Sasa anaambiwa kwamba maneno yake yalikuwa yanashindana na ndizi, na ndizi zimeshinda.

"Fungua meseji ya mwisho," akasema. "Usisome nyingine. Ya mwisho tu."

Nikafungua. Ilikuwa ya Ijumaa.

"Orest, shule moja ya kaskazini wamenikubali nikawe mpishi wao. Ni mkataba wa miaka miwili. Treni ni Jumatatu saa nane mchana. Ukitaka nibaki, niambie nibaki, basi, sitauliza kitu kingine. Ukinyamaza hadi Jumatatu, nitajua umeniruhusu."

Treni ya kaskazini hupita kwetu mara mbili tu kwa wiki. Nikalitazama lile sanduku. Nikaitazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika thelathini na tano.

"Verna," nikaanza.

"Kabla hujasema," akanikatiza, sauti ya chini ili asimwamshe baba yake, "nataka kujua kitu kimoja. Kule mtaroni. Kitochi hakionyeshi mahali, lazima walikuuliza kama una simu nyingine. Uliitoa simu hii mara tu walipokuuliza?"

Kitandani, mzee Metro alikuwa amefungua macho. Yote mawili. Alikuwa ananitazama.

Mlango ukafunguliwa, Eunice akachungulia, funguo za gari mkononi.

"Verna, kama unakwenda ni sasa. Unakwenda, huendi?"

Verna hakugeuka kumtazama dada yake. Alikuwa anangoja jibu langu.